Kituo Kilicholala Nje

Jioni ile kituo hakikurudi karakana.

Asubuhi yake Fundi na binti yake walikuwa wamekisukuma pamoja, mabenchi na paa juu ya magurudumu, kama kawaida, baba nyuma ameinamisha kichwa, binti mbele ameshika mkono wa bomba na kuwapigia kelele wenye pikipiki. "Pisheni, pisheni, nyumba ya watu inapita!" Walikifikisha nje ya geti la hospitali foleni ikiwa bado fupi, wakakanyaga breki, wakatandaza turubai. Binti akafungua koki kidogo tu, akangoja mpaka tone la kwanza lilipoteremka kwenye mnyororo na kuangukia bakuli la ndege. Kisha akapangusa viganja kwenye sketi, akasema, "Haya, tumefungua duka."

Lilikuwa duka lisilouza chochote. Fundi aliguna, kama alivyoguna kila asubuhi, akarudi karakana kuchomea bawaba za watu.

Mchana simu ikaita. Alikuwa Msumari, mshona viatu anayekaa chini ya ukuta wa hospitali, hatua chache kutoka kituo.

"Fundi, njoo. Binti amekaa kwenye benchi, hasimami. Nimemuuliza ana nini, ananiambia nishone viatu."

Alimkuta amejikunja, magoti yamegusa kidevu, macho yameng'ang'ania kokoto moja kwenye lami. Fundi hakuuliza kitu. Selimundu, ugonjwa wake wa damu, ilikuwa mtu wa tatu katika nyumba yao ya watu wawili, tangu binti alipoota meno ya kwanza na mama yake mzazi akaona hawezi, akaenda kuolewa mji mwingine. Alijua namna ya kumbeba bila kumminya mifupa. Mlinzi wa geti akatoa kiti cha wagonjwa, wakaingia.

Alasiri maumivu yalilegea kidogo. Binti akageuza uso, akaona mwanga wa dirishani umekuwa wa manjano.

"Mwanangu," akasema, "jua linaondoka. Nenda kakirudishe kituo."

Ndivyo walivyoitana. Alikuwa amepewa jina la mama yake Fundi, kwa hiyo Fundi alimwita mama tangu akiwa kwenye nepi, naye alipojua kusema akamwita baba yake mwanangu, na kumkemea, na kumuuliza kama amenawa mikono.

"Kitangoja, mama."

"Hakingoji. Tulikubaliana na manispaa kisilale nje. Kikilala nje watakichukua."

"Nitakwenda. Pumzika kwanza."

Hakwenda. Alikaa kando ya kitanda ameshika mguu wake juu ya shuka, kwa sababu mguu peke yake ndio uliokuwa hauumi. Kabla hakujakucha binti akawa amekwisha. Nesi alipokuja na kalamu akauliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mwanawe," akasema Fundi.

Nesi akainua macho.

"Baba," akasema. "Mimi ni baba yake."

Kisha watu wakaja. Dada yake Fundi akafika na mabegi, akashika jiko na funguo. Viti vikaazimwa, vikarudishwa. Kina mama wakalala sebuleni, wakaondoka mmoja mmoja na maneno yale yale ya kufariji ambayo hayana mahali pa kukaa. Katika siku zote hizo hakuna aliyekumbuka kuwa nje ya geti la hospitali kuna kitu kimefungwa breki, na kwamba hakuna wa kukifuata.

*

Wazo la kituo lilikuwa la binti, wala Fundi hakuficha kwamba mwanzoni aliliona upuuzi.

Binti alikuwa ameanza chuo cha ufundi, uchoraji wa majengo, akaacha katikati kwa sababu alilazwa mno. Akarudi karakana na kalamu zake za risasi, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akawa anachora. Fundi alidhani anachora nyumba. Alipochungulia aliona benchi lenye magurudumu na paa.

"Hii nini, mama? Mkokoteni?"

"Si mkokoteni. Ni kituo."

"Cha basi?"

"Cha kungojea tu. Mimi nimekulia kwenye foleni, mwanangu, nazijua kuliko nilivyojua darasa. Mtu akingoja anataka kukaa, anataka kivuli, anataka maji. Na ndege naye ni hivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba yeye hana kadi ya kliniki."

"Ndege wana mbawa. Waende kwingine."

"Wapi? Nionyeshe."

Wakasimama mlangoni mwa karakana, wakatazama. Kulikuwa na lami, ukuta wa matofali ya saruji, mabati, na mti mmoja wa barabarani uliokuwa umekatwa ukabaki kisiki ili nyaya zipite. Fundi akaenda kupima mabomba.

Manispaa ilikataa kitu cha kudumu. Njia ya miguu haijengwi, waliambiwa, na ombi la pili likajibiwa hivyo hivyo kwa sauti ya juu zaidi. Binti akarudi ofisini na swali moja: na kitu cha kuhamishika je? Kitu cha kuhamishika kiliruhusiwa, ilimradi kiondoke kila jioni. Hapo ndipo magurudumu yalipokuwa jambo kubwa. Aliyapata mwenyewe kwa wauza vyuma chakavu, manne, yametoka kwenye vitanda vya wagonjwa vilivyotupwa. Fundi alitaka kununua mapya, binti akakataa.

"Haya yameshasukuma wagonjwa," alisema. "Yamejifunza adabu."

Na kweli, kitu kizito kile kilikwenda kimya. Kilikuwa na mabenchi mawili yaliyopeana migongo, paa la turubai lililozungukwa na kitalu chembamba cha udongo ambamo majani ya kutambaa yaliota yakashuka pembeni, na tangi la plastiki juu. Mtu akibonyeza koki alipata maji ya kunywa, na yaliyomwagika yalishuka kwa mnyororo hadi bakuli la kwanza, la ndege, lenye mawe ndani ili nyuki wasizame. Bakuli hilo likijaa lilimwagikia la pili, chini kabisa, la paka na mijusi na yeyote anayetembea kwa tumbo. Hakuna tone lililopotea. Mijusi ilikuja siku ya kwanza. Paka mmoja mwenye sikio bovu alijimilikisha kivuli cha upande wa pili, akawa anawatazama wagonjwa kama yeye ndiye daktari.

Lililoshindikana lilikuwa kisanduku cha ndege kujengea kiota. Binti alikipigilia chini ya ukingo wa paa, cha mbao, na tundu ambalo alilipima kwa sarafu ili shomoro apite na kunguru asiweze kuingiza kichwa. Kila asubuhi alichungulia. Kila jioni kabla ya kuondoka alichungulia tena. Hakuna kitu. Alikihamishia kulia, akakirudisha kushoto. Akabadili tundu. Akaondoa rangi akidhani inanuka, akaweka majani makavu ndani kama mtu anayemtandikia mgeni.

"Mpangaji bado?" Msumari alikuwa akimuuliza, misumari midomoni.

"Wanakuja kuangalia. Wanasema kodi haijawapendeza."

"Wapunguzie!"

"Nimewapa bure, kaka. Ndiyo maana wananitilia shaka."

Alicheka aliposema hivyo. Lakini jioni moja wakisukuma kurudi, Fundi alimsikia akijisemesha kule mbele, "Nakosea wapi?"

*

Wiki zilipita kabla Fundi hajaweza kushika njia ya hospitali. Dada yake alikuwa amerudi kwake. Fundi alifungua karakana asubuhi, akafunga jioni, na katikati alifanya alichopewa. Zamani watu walileta mageti. Sasa vyuma vimepanda bei, wanaleta bawaba na miguu ya vitanda, wanasema funga funga tu, mzee, itatusogeza. Pale sakafuni kituo kilipokuwa kikilala palibaki wazi. Hakuweka kitu.

Asubuhi moja Msumari akapiga simu. "Fundi, samahani. Bwana Sogea amekuja, anasema leo ndiyo mwisho. Nimekuwa nikimdanganya kwamba unakuja kesho, sasa kesho zimeniishia."

Bwana Sogea alikuwa ofisa wa manispaa mwenye mtaa ule. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelijua. Hilo la Sogea alilipata kwa sababu ndilo neno la kwanza alilomwambia kila mtu.

Fundi akachukua spana na dumu la maji, akaenda. Nia yake ilikuwa moja, kukirudisha. Alikuwa ameagizwa, na hakuwa ametekeleza.

Foleni ilikuwa imepita geti na kuzunguka kona. Kwenye mabenchi walikaa watu asiowajua: mwanamke mwenye mimba kubwa amevua viatu, bibi mmoja aliyefunga goti kitambaa, kijana amelaza kichwa kwenye turubai la pembeni amesinzia. Hakuna aliyejua kiti kile ni cha nani. Paka mwenye sikio bovu alikuwepo. Majani yalikuwa yamekauka ncha, na bakuli la chini halikuwa na maji, ila la juu lilikuwa nayo kidogo.

"Nilikuwa nalimwagia ninayobakiza," akasema Msumari, akiinuka kumpa mkono. "Mlinzi siku hizi haruhusu bomba lao, anasema ankara ya maji imekuwa kama mshahara wake. Pole, kaka. Umekonda."

"Nimeshapoa. Nisaidie kuwaambia hawa wasimame, tunakiondoa."

"Subiri kwanza. Hujaona?"

"Nini?"

Msumari akaelekeza kwa kidevu juu, kwenye ukingo wa paa. Fundi akasikia kabla hajaona. Sauti ndogo, nyembamba, nyingi, kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Shomoro dume akatua kwenye mnyororo, ana kitu mdomoni, akamtazama Fundi, akajirusha ndani ya tundu. Sauti zikapanda, zikanyamaza ghafla. Shomoro akatoka, akaruka juu ya geti.

Fundi alisimama akiwa ameshika dumu.

"Tangu lini?"

"Mlipokuwa kwenye msiba. Siku ya pili ya tatu hivi niliwaona wanabeba majani. Nikasema, tazama, sasa ndiyo wanakuja! Nilitaka kukupigia simu, nikaona haya. Mtu anazika, unamwambia habari za shomoro?"

Fundi aliweka dumu chini. Alitazama magurudumu, breki zilizokanyagwa na mguu wa binti asubuhi ile, na vumbi lililojaa mpaka kwenye ekseli. Likamjia polepole, namna mtu anavyohisi ameungua baada ya kuona moshi.

"Msumari."

"Naam."

"Tulikuwa tunakirudisha kila jioni."

"Ndiyo. Sheria yao."

"Ndege gani atajenga kwenye nyumba inayoondoka kila jua likizama?"

Msumari alifikiri. Akatoa misumari midomoni, kitu ambacho hakukifanya ovyo. "Aisee," akasema. "Na mtoto wa watu alivyohangaika na lile tundu."

Hilo lilikuwa jibu, na lilikuwa la binti. Fundi aliona kabisa jinsi binti angepiga kofi paji la uso, jinsi angesema, mwanangu, sisi wawili ni wajinga wa kiwango cha juu, halafu aanze kuchora. Alijua hata ndoo ambayo angeikalia. Habari ilikuwa imemjaa kifuani na hapakuwa na mtu wa kumpelekea.

Alimpigia dada yake.

"Ndege wamepanga," akamwambia.

"Wamepanga wapi?"

"Kwenye kisanduku cha mama. Wana makinda."

Upande wa pili sufuria iligongwa mahali.

"Kaka," dada yake akasema taratibu, "umekula leo?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Alisema salio linakwisha, akakata.

*

Bwana Sogea alifika akiwa amekunja mikono ya shati, na askari wawili nyuma yake. Kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye koki. Fundi alikuwa ameshamwaga dumu kwenye tangi. Bwana Sogea akabonyeza, akakinga kiganja, akanywa, akakinga tena, akanywa, akajipangusa shingo.

"Maji yenu haya mazuri sana, mzee. Na pole kwa msiba, nilisikia. Alikuwa binti mwenye heshima, akija ofisini anasalimia mpaka mfagizi." Akakohoa. "Sasa, kiondoke."

"Nipe muda kidogo. Wakisharuka nakiondoa mwenyewe."

"Nani waruke?"

"Makinda. Yamo mle juu. Shomoro."

Bwana Sogea akainua uso, akasikiliza. Akawatazama askari wake. "Shomoro gani? Hawa hawa wa kawaida?"

"Hawa hawa."

"Ungesema tai, ningepata la kumwambia mkubwa. Shomoro, mzee? Wamejaa mpaka ofisini kwetu, wanatunyea mafaili."

Mwanamke mwenye mimba akacheka, akaziba mdomo.

"Kibali mlichopewa ni cha kitu cha kuhamishika," Bwana Sogea akaendelea. "Kitu cha kuhamishika kinahama. Kisipohama ni jengo, na jengo hapa haliruhusiwi."

"Kina magurudumu. Yatazame."

"Magurudumu nayaona. Kuhama ndiko sijakuona. Mimi narudi jioni. Nikikikuta, kinapakiwa kwenye gari, kinapelekwa yadi, na unajua yadi kule hawasubiri: wanakata, wanauza chuma. Sikutishi, nakueleza. Sogea na wewe, bibi, unaziba njia."

Bibi mwenye goti lililofungwa hakusogea. Alisema yeye amezaliwa kabla ya njia hiyo. Bwana Sogea akajifanya hakusikia, akaondoka.

Fundi alikaa kwenye benchi, mahali palipokuwa wazi, kwa mara ya kwanza tangu alipokichomea. Hakuwa amewahi kukikalia. Lilikuwa na kimo cha mtu ambaye magoti yanamuuma. Hakukuwa na haja ya kujiinua sana kusimama. Alikuwa amebishana na binti juu ya kimo hicho, akisema kiti cha kawaida kina kimo chake. Sasa mapaja yake yakaelewa.

Yadi wangekikata. Hilo hakuwa na shaka nalo, alishakwenda kule kununua mabomba yenye rangi za vibanda vya watu. Basi bora akirudishe, alivyoagizwa, kibaki kizima. Makinda ni makinda. Pengine mama yao atafuata.

Mchana ulipopungua ukali akawaomba radhi waliokaa. Wakainuka namna watu wa foleni wanavyoinuka wanapoambiwa. Bibi alishika ukuta. Msumari akaacha kiatu cha mtu kwenye kibao, akaja mbele kushika mkono wa bomba. Breki zilikuwa zimekwama kwa vumbi. Fundi akazilegeza kwa ncha ya spana. Wakasukuma. Magurudumu yakakubali kimya, na mle juu sauti zikakatika.

Walikwenda mpaka kona, kwenye duka la dawa. Hapo Fundi akageuka.

Shomoro jike alikuwa amerudi. Alikuwa pale pale kituo kilipokuwa kimesimama, anapiga mbawa hewani, kwa kimo kile kile cha tundu, mbele ya mahali pasipo na kitu. Mdomoni alikuwa na mdudu wa kijani. Alishuka chini, akaruka tena, akasimama hewani pale pale. Akarudi kwenye ukuta wa geti. Akajaribu tena. Chini yake bibi alikuwa amekaa kwenye lami yenyewe, mguu mmoja ameunyoosha, kitambaa amejifunika kichwa. Mwanamke mwenye mimba alikuwa ameegemea nguzo akihamisha uzito mguu hadi mguu. Hakuna kati yao aliyetazama walikokwenda Fundi na Msumari. Walikuwa wamezoea vitu kuondoka.

"Tuvuke, magari yamesimama," Msumari akasema.

Fundi alikuwa bado amegeuka nyuma.

"Kaka? Tuvuke."

"Tukirudishe."

"Si ndiyo tunakirudisha?"

"Kule. Tukirudishe pale."

Msumari akamtazama, akatazama mbele, akamtazama tena. "Fundi, yule mtu hatanii. Kitakatwa."

"Shika mbele."

Wakakigeuza. Kukifikisha pale pale kulimchukua muda, kwa sababu Fundi hakuridhika mpaka magurudumu yote yaliposimama kwenye madoa yake ya zamani, yaliyokuwa yameachwa mekundu na kutu juu ya lami. Akakanyaga breki. Akainua mikono, akarudi nyuma, akawazuia watu wasikaribie. Shomoro jike alizunguka, akatua kwenye mnyororo, akayumba, akaingia. Wakasikia makinda.

"Haya, kaeni," Fundi akawaambia watu. Bibi alihitaji mkono kuinuka kutoka chini. Fundi akampa.

*

Jioni Bwana Sogea alirudi kwa miguu. Askari wake wawili walikuwa naye, mmoja ana nyundo.

"Gari liko wapi?" Msumari akauliza, kabla hajaulizwa yeye.

"Gari halina mafuta," akasema Bwana Sogea kwa uchungu wa kweli. "Dizeli imepanda, wametupa ya siku mbili kwa wiki nzima, na ya siku mbili imetumika kumpeleka mkubwa semina. Mzee, nilikuambia nini?"

"Uliniambia."

"Na bado kipo."

"Kipo."

"Unaona sasa unavyonifanya nionekane? Utaratibu wetu unajulikana: kama gari halipo, tunachukua kinachobebeka. Yule wa matunda tulichukua mizani. Yule mama wa karanga, mwavuli." Alikizunguka kituo, akalitazama tangi lenye maji, akalitazama paa, akashuka hadi chini. "Tunachukua magurudumu."

Askari mwenye nyundo akainama, akapiga pigo la kwanza kwenye ekseli. Kituo kizima kikatetemeka. Maji yakaruka bakulini, na shomoro wote wawili wakatoka kama waliotupwa.

"Usigonge!"

Fundi mwenyewe alishtuka kwa sauti yake. Foleni nzima iligeuka.

"Usigonge," akarudia, chini zaidi. "Zina nati. Nitafungua mwenyewe."

Askari akamtazama Bwana Sogea. Bwana Sogea akainua mabega.

Fundi akawasimamisha watu, akaenda na Msumari kutafuta matofali nyuma ya ukuta, yaliyobaki kwenye ujenzi wa wodi. Wakainua pembe moja kwa nyenzo, taratibu, Fundi akihesabu kwa pumzi, kama anavyoinuliwa mgonjwa kubadilishiwa shuka. Wakaingiza tofali. Akafungua nati, akalitoa gurudumu, akalifuta kwa kitambaa alichokuwa nacho mfukoni, akalikabidhi. Askari alilipokea kwa mikono miwili kwa sababu ndivyo lilivyoletwa kwake. Walipofika la mwisho jua lilikuwa limeshuka nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, na makinda yalikuwa yanalia tena.

"Mzee, usinilaumu," Bwana Sogea akasema. "Ukitaka magurudumu yako, njoo ofisini, lete na kituo kikaguliwe, utapewa."

"Nitakileta vipi bila magurudumu?"

Bwana Sogea akafungua mdomo. Akakitazama kituo kilivyokaa juu ya matofali yake, imara, hakiyumbi upande wowote. Mmoja wa askari akageuka kutazama barabarani, mabega yanamtingishika.

"Hiyo ni juu yako," akasema hatimaye. "Mimi nimefanya kazi yangu. Kesho nitaandika kwamba kimenyang'anywa uwezo wa kuhama."

"Andika."

Alikwenda kwenye koki, akasita, akanywa. Kisha wakaondoka, askari wamekumbatia magurudumu mawili mawili vifuani. Fundi aliwafuata kwa macho mpaka kona ya duka la dawa. Yalikuwa yamepita mikononi mwa binti kabla ya kupita mikononi mwake. Binti ndiye aliyeyatoa kutu kwa mafuta ya taa, usiku wa kuamkia siku waliyoyafunga, akiimba ovyo ovyo. Sasa yalikuwa yanaondoka yakiwa safi.

"Wangekuachia hata mawili," akasema Msumari.

"Mawili hayasaidii kitu."

Bibi akauliza kama sasa anaweza kukaa. Fundi akakibonyeza kiti kwa viganja viwili, kila upande, akasema anaweza.

*

Magurudumu yako manispaa. Fundi alikwenda kuyaulizia mara moja, akaambiwa alete kituo, hakwenda tena. Makinda yaliruka, Msumari ndiye aliyeyaona, na baada ya muda shomoro wakaanza kubeba majani upya.

Zamani tangi lilijazwa karakana jioni, kituo kikiwa kimelala. Siku hizi Fundi huyapeleka maji asubuhi kabla ya kufungua, madumu mawili, moja kila mkono, na hupumzika kwenye kona ya duka la dawa kwa sababu ni mbali kwa mtu mmoja.